Sungura watatu wa Bujonde: Ni sadaka au ni israfu?



Wiki hii tunaliweka kando somo letu la mirathi, tutalirejea wiki ijayo in sha Allah. Nimelazimika kufanya hivyo kwa sababu nimeletewa suala ambalo mwanzoni nililicheka, na nilipolisoma mara ya pili nikaona haya kwa kucheka kwangu. Suala lenyewe linahusu sungura. Tena si sungura wa kufugwa kwa biashara, bali sungura watatu wagonjwa walioko Bujonde, wilayani Kyela, ambao kwa muda sasa wamekuwa wakitumiwa fedha za matunzo kila mwezi kutoka Dar es Salaam.

Kisa ni hiki. Vijana saba wanaoswali msikiti mmoja huku Temeke wana utaratibu wa kuchangishana kila mwisho wa mwezi. Mmoja wao ni mzaliwa wa Bujonde, kule ambako ardhi inateremka kutoka milima ya Rungwe na kuwa tambarare ya mpunga na kakao hadi Ziwa Nyasa. Mama yake mzazi bado anaishi huko pamoja na mjukuu wa kike mwenye umri wa miaka 11. Jirani yao mmoja alikuwa ameingia kwenye mradi wa sungura baada ya kuahidiwa kwamba wanunuzi watakuja kuwachukua kwa kilo. Wanunuzi hawakuja. Na sungura, kama wanavyojua waliowahi kumfuga, hangoji soko: jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 31 tu, na anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Mabanda yakafurika, majani yakawa hayatoshi, wengine wakaliwa, wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa, na mwisho jirani akahama. Aliwaacha watatu ambao hakuna aliyewataka, akamwambia yule binti, "Chukueni hao kama mnawaweza."

Wa kwanza ni dume ambaye shingo yake imepinda hata jicho moja linatazama juu na jingine linatazama chini. Wa pili ni jike aliyepooza miguu ya nyuma baada ya kuponyoka mikononi mwa mtoto na kuanguka. Wa tatu ni jike ambaye mwili wake mzima, ila mwenzake wa banda moja alipokufa naye akaacha kula, akawa anakaa pembeni na kukonda.

Binti akawachukua, akawapiga picha kwa simu ya bibi yake na kumtumia baba mdogo Temeke. Baba mdogo akawaonyesha wenzake. Wale vijana wakaguswa, wakakubaliana kila mmoja atoe shilingi 3,000 kwa mwezi, jumla 21,000, zitumwe Bujonde. Ikaendelea hivyo kwa miezi kadhaa hadi mmoja wao aliposimama na kusema kuwa jambo hili halina mashiko. Mtaani kwao kuna mayatima wasio na sare za shule. Nani kawaambia Waislamu wafadhili sungura? Kama ni halali kuliwa, wachinjwe waliwe. Mwingine akamuunga mkono akasema haya ni mambo ya Wazungu, wenye kulala kitanda kimoja na mbwa. Wengine wakakasirika. Jamaa waliokuwa wakiswali safu moja wakafika mahali pa kutosalimiana.

Habari ikafika Bujonde, na yule mama akanipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ustadh, mimi hela sikuomba, waliamua wenyewe. Wakiacha kutuma sitalalamika. Ila huyu mjukuu wangu kaniuliza, bibi, hivi hawa sungura Mwenyezi Mungu atatuuliza habari zao? Nimekosa la kumjibu. Nijibie wewe."

Basi makala haya ni jibu la mtoto huyo, na wale vijana saba wakipenda wasome.

Atatuuliza?

Jibu fupi ni ndiyo, na wala si jambo geni katika dini yetu. Wengi tunakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, na kile cha mtu aliyeteremka kisimani na kumnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Visa hivi viwili vimepokewa na Bukhari na Muslim, na vinasimuliwa sana kwenye mihadhara, hata vimezoeleka kiasi cha kutotusumbua tena. Tunachosahau ni kwamba masheikh wetu wa fiqhi hawakuviacha vibaki visa vya kuliza watu. Waliviwekea hukumu.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika kitabu chake cha Minhaj ambacho madhehebu yetu ya Shafii hapa Afrika Mashariki yamekitegemea kwa karne nyingi, ameiweka nafaka ya mnyama katika mlango ule ule wa matunzo ya mke, watoto na watumwa. Mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, mtawala anamlazimisha, na kama mnyama ni wa kuliwa basi achague mojawapo ya matatu: amuuze, amlishe au amchinje. La nne, yaani kumwacha afe kidogo kidogo kwenye banda, halimo.

Aliyemtangulia kidogo, Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam wa Damascus, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria (1262), alikwenda mbali zaidi. Huyu ndiye aliyeitwa Sultani wa Maulamaa, mtu aliyekuwa hawaogopi watawala wa zama zake. Katika Qawaid al-Ahkam ameorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu, na miongoni mwake yapo mambo ambayo leo tungeyasikia kwenye warsha tungedhani yametoka Ulaya. Amesema mnyama atumiliwe matunzo yanayofanana na aina yake hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao haumwachii faida yoyote kwa mwenyewe. Asibebeshwe asichokiweza. Asiwekwe pamoja na mnyama mwingine atakayemuumiza. Mahali pake pa kulala patengenezwe vizuri. Watoto wake wasichinjwe mbele ya macho yake. Dume na jike wakutanishwe wakati wao unapofika.

Hebu tuirudie ile ya kwanza: hata akiwa hana faida tena. Ng'ombe anayekamuliwa kila mtu anamtunza, kwa sababu anajitunza kwa maziwa yake. Sheria inaanza kuwa na kazi pale maziwa yanapokatika. Kwa hiyo yule kijana aliyeuliza "sungura kilema ana faida gani?" ameuliza swali ambalo lilikwishajibiwa miaka zaidi ya 700 iliyopita, tena katika madhehebu yake mwenyewe.

Na hii haki ya kutochinjwa kwa mtoto mbele ya mama yake inatuonyesha kwamba masheikh hawakumtazama mnyama kama tumbo tu. Katika Sunan ya Abu Daud kuna habari ya ngamia katika bustani ya mtu wa Kianswari, ambaye alipomwona Mtume (s.a.w.) alitoa sauti ya huzuni na macho yakamtiririka, Mtume akampapasa nyuma ya masikio hadi akatulia, ndipo akamwita mwenye ngamia na kumuonya kwa kumshindisha njaa na kumchosha. Humo pia imo habari ya ndege aliyekuwa akirukaruka kwa fadhaa baada ya makinda yake kuchukuliwa na masahaba, wakaamrishwa wayarudishe. Tazama mpangilio wa habari ya ngamia: kwanza mnyama alitulizwa, kisha ndipo mwenyewe akahojiwa.

Ama anayesema haya ni ya Wazungu, nina neno moja kwake kabla hatujaendelea. Wanyakyusa wa zamani, wazee wa huko huko Kyela na Rungwe, walikuwa wakilala na ng'ombe wao ndani ya nyumba za mianzi, na usafi wa nyumba hizo uliwashangaza wageni walioandika habari zao miaka ya 1930. Hapakuwa na Mzungu aliyewafundisha.

Sungura anaumwaje?

Hapa inabidi tujifunze kidogo, maana hukumu bila ya kukijua kinachohukumiwa ni kubahatisha. Nilikwenda kumuona daktari wa mifugo ninayemfahamu nikamsomea maelezo ya yule mama. Mengi aliyonieleza sikuyajua.

Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Maumbile yake ni kuficha maumivu, kwani porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Ndiyo maana mfugaji husema "jana alikuwa mzima, leo kafa." Hakuwa mzima jana. Dalili zake ni ndogo: kukaa amejikunja, kusaga meno kwa sauti, kuacha kinyesi. Sungura asiyekula kwa siku moja yuko hatarini kweli kweli, kwa kuwa utumbo wake umeumbwa kufanya kazi bila kusimama, ukisimama hujaa gesi na mnyama hufa. Meno yake nayo hayaachi kuota maisha yake yote. Bila ya majani magumu ya kutafuna yanarefuka na kumchoma mdomoni.

Jambo jingine ambalo wengi hulichukia bila ya kulijua: usiku sungura hutoa kinyesi laini ambacho hukila moja kwa moja kutoka mwilini mwake, na humo hupata vitamini na protini ambazo asingezipata vinginevyo. Sasa mfikirie yule mwenye shingo iliyopinda, au aliyepooza. Hawezi kujikunja kukifikia. Anapungukiwa chakula, na uchafu unamgandia nyuma. Katika joto la Kyela, nzi hutaga hapo na funza hutoka ndani ya siku moja tu. Kwa hiyo sungura wa namna hii anahitaji mtu wa kumsafisha kwa maji ya vuguvugu na kumkausha kila siku, tena pengine asubuhi na jioni. Hapa nilianza kumwelewa yule binti wa miaka 11 anafanya kazi gani.

Kuhusu shingo kupinda, daktari alinieleza kuwa mara nyingi ni moja kati ya mawili: ugonjwa wa ndani ya sikio, au kijidudu kinachoingia kwenye ubongo na figo. Kwa kijidudu hicho hutumika dawa ya minyoo iitwayo fenbendazoli, ile ile ya mbuzi na ng'ombe, lakini kwa kipimo cha sungura na kwa siku 28 mfululizo. Anaweza kupona, anaweza kubaki na upinde wake na akaishi nao miaka, akila, akinywa na kuruka kwa upande upande. Akanionya jambo moja ambalo naliandika kwa herufi za moyoni: asipewe vidonge vya rangi mbili vya binadamu, yaani jamii ya amoksilini na ampisilini, kwa kunywa. Dawa hizo zinaua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kumuua yeye mwenyewe. Huko vijijini, na hata hapa mjini, mtu akiona mnyama anaumwa jambo la kwanza ni kufungua kidonge na kumnyunyizia kwenye maji.

Kyela ni ya joto na mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikishuka kati ya Machi na Mei. Sungura hustahimili baridi kuliko joto. Likipita nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Na banda likilowa, nyayo zake zinachubuka na kuoza. Yule mama, bila ya kufundishwa na yeyote, alichukua chungu cha Wakisi kilichovunjika mdomo, akawa anakiloweka na kukilaza ubavu ndani ya banda ili walale humo mchana. Daktari alifurahi sana kusikia hivyo. Alichosikitikia ni kwamba walikuwa wametandika maganda makavu ya kakao. Yana theobromini, kemikali inayodhuru wanyama wakiyala. Majani makavu ya mpunga, ambayo Kyela ni tele, ndiyo yatandikwe.

Hukumu ya kila mmoja

Kosa la wale vijana, pande zote mbili, lilikuwa ni kuwajadili sungura watatu kana kwamba ni mmoja. Ama wafadhiliwe wote, ama wachinjwe wote. Hali zao hazifanani.

Tuanze na aliyepooza, kwa kuwa ndiye mgumu. Nilimuuliza mama maswali aliyonipa daktari. Je, anakojoa mwenyewe? Hapana, mkojo unavuja tu na ngozi imeungua. Je, ana vidonda? Ndiyo, vikubwa, na havifungi. Je, anasaga meno? "Usiku kucha, mwanangu. Mjukuu hulia." Imepita muda gani? Miezi minne. Daktari akasema uti wa mgongo umevunjika na hautarudi. Mgongo wa sungura ni mwepesi na mapaja yake yana nguvu. Akishikwa vibaya na kurusha teke, anajivunja mwenyewe. Hapa nilimwambia mama wazi kwamba kumchinja si ukatili. Ni mnyama wa kuliwa, kumchinja ni halali kwa asili yake, na Nawawi ameweka kuchinja kuwa ni moja ya njia tatu. Kumwacha aendelee ili sisi tujione wenye huruma, huko ndiko kumdhulumu. Lakini achinjwe kwa kisu kikali, asiburutwe, na asichinjwe mbele ya wenzake. Nyama isiliwe, kwa vidonda vile na dawa alizokwishapewa. Na mtoto aelezwe ukweli kabla, asidanganywe kwamba ametoroka.

Yule aliyesema "wachinjwe" alikuwa amepata, basi, kwa mmoja kati ya watatu. Naandika hili kwa sababu waliomkasirikia walimwita hana imani, na hiyo haikuwa haki.

Dume mwenye shingo iliyopinda hana sababu ya kuchinjwa isipokuwa kutaka kupunguza usumbufu. Anakula. Anamjua binti kwa sauti. Kama wenyewe wangetaka kumla, sheria haiwakatazi, sungura ni halali kwetu, na imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa paja la sungura akalikubali. (Ndugu zetu wa Kishia Ithnaashari hawamli, nao wana dalili zao.) Lakini halali ya kula si wajibu wa kula. Wakichagua kumlisha, wametekeleza moja ya matatu, na ujira wake upo.

Wa tatu, yule anayehuzunika, ndiye aliyechekwa zaidi pale Temeke. "Sungura naye ana kilio cha eda?" alisema mmoja, wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Sungura huishi kwa kundi, na waliokaa wawili huzoeana hata kulambana masikio na kulala wamegusana. Mmoja akifa, aliyebaki anaweza kuacha kula, na kwa utumbo ule niliokwisha kuueleza, kuacha kula ni kufa. Huzuni yake ni ugonjwa wenye hatari ya siku chache. Tiba yake si dawa ya dukani. Ni mwenzake mwingine kuletwa polepole, mabanda yakikabiliana kwanza kwa siku kadhaa, na mtu wa kukaa naye chini bila ya kumbebabeba, maana sungura wengi hawapendi kunyanyuliwa. Wala wasinyanyuliwe kwa masikio, kama tunavyoona wauzaji wengi wakifanya.

Kwa nini asiwekwe na yule dume? Kwa sababu baada ya mwezi mmoja wangekuwa kumi, na tungekuwa tumeurudisha mradi wa jirani. Kuhasi dume ni jambo ambalo wanazuoni wamelijadili, na katika madhehebu yetu lina mipaka: Nawawi amelijuzisha kwa mnyama wa kuliwa akiwa bado mdogo. Huyu ni mkubwa tena mgonjwa. Njia nyepesi ni kumpatia jike mwenzake.

Kufadhili kwa mbali

Sasa tuje kwenye zile 21,000. Utaratibu wa mtu wa mbali kumlipia mnyama asiyemfuga unafahamika duniani. Pale Nairobi, taasisi ya Sheldrick iliyoanzishwa mwaka 1977 inalea watoto wa tembo walioachwa yatima, na watu wa nchi mbalimbali huchangia kila mmoja kwa jina la tembo wake. Walezi wao hulala nao bandani, na hupokezana ili mtoto asimzoee mtu mmoja peke yake. Hilo mwanzilishi wake, Daphne Sheldrick, alijifunza kwa gharama: alimlea mtoto wa tembo aliyeitwa Aisha kwa miezi ipatayo sita, akasafiri kwenda harusini kwa binti yake, na yule mdogo akagoma kula akafa. Huko California, chama cha House Rabbit Society kimekuwa kikiokoa sungura tangu mwaka 1988. Karibu zaidi na sisi, kisiwani Lamu, hospitali ya punda ilifunguliwa mwaka 1987 na Donkey Sanctuary ya Uingereza, ikawa inawatibu bure punda wa mji ambao wakazi wake kwa wingi ni Waislamu. Chama chenyewe ni cha Kiingereza. Kila nikilifikiri hili naona aibu kidogo.

Nasema aibu kwa kuwa asili ya jambo hili tunalo wenyewe. Dk. Mustafa as-Sibai wa Syria, katika maandishi yake juu ya ustaarabu wa Kiislamu, ameutaja uwanja wa kijani wa Damascus uliowekwa wakfu kwa ajili ya wanyama waliozeeka ambao wenyewe wamekataa kuwalisha, wakawa wanachunga humo hadi wafe. Watu wa wakfu ule hawakuwajua farasi wale kwa majina wala hawakutumiwa picha.

Kwa hiyo si israfu. Israfu ni kutoa mahali pasipostahiki, na kiumbe mwenye pumzi ni mahali panapostahiki. Lakini yapo masharti, na hapa nitakuwa mkali kwa wale waliokuwa upande wa sungura.

Kwanza, fedha hiyo isiwe zaka. Mafungu ya zaka ni manane, yametajwa katika Suratut-Tawba aya ya 60, na mnyama hayumo. Niliuliza, nikagundua wawili kati ya saba walikuwa wakihesabu 3,000 zao kuwa ni sehemu ya zaka. Hao walipe upya.

Pili, kama mfuko wa mayatima ulikuwapo kabla na ukapungua ili sungura wapate, basi hoja ya yule mlalamikaji ina nguvu. Nikamuuliza kijana wa Bujonde. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa wanne waliacha kutoa kwa mayatima mwezi ule ule walipoanza kutoa kwa sungura. Picha ya sungura ilikuwa inapendeza. Yatima wa mtaani hana picha. Hili si kosa la sungura.

Tatu, 21,000 ni nyingi. Kyela majani hayanunuliwi. Sungura watatu, ukiondoa dawa, hawawezi kumaliza fedha hiyo. Mama aliniambia bila ya kuulizwa: alinunua bati mbili za banda, dawa, na zilizobaki ameziweka kwenye kopo, "kwa sababu si zangu, ni za sungura." Ndugu msomaji, mwanamke huyu huamka kabla ya alfajiri kuchota maji, humuosha mnyama mwenye vidonda, kisha huenda shamba la mpunga, na shilingi zilizobaki hakuzigusa. Wale saba hawakuwahi kuuliza nani anafanya kazi. Walimfadhili sungura wakamsahau mtunzaji. Nimewaambia sehemu ya fedha iandikwe wazi kuwa ni ujira wake na wa binti, ili aile kwa roho safi, na sehemu iwe ya dawa na nauli ya daktari wa mifugo, na isitumwe zaidi ya inayohitajika.

Aidha, wasijidanganye kwamba wao ndio wenye wajibu. Wajibu wa kwanza uko kwa mwenye kumiliki, na aliyewaleta duniani makumi ya sungura kwa tamaa ya ahadi ya kilo ameacha deni. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inamtambua mwenye mnyama kuwa na jukumu na kumtesa mnyama kuwa ni kosa. Wapo wengi waliofanya kama yule jirani, hapa Dar es Salaam wapo, na mabanda matupu yamebaki nyuma ya nyumba zao. Anayekaribishwa kwenye mradi wowote wa mifugo na aulize kwanza: mnunuzi asipokuja, hawa nitawafanya nini?

Mama wa Bujonde alinipigia tena Jumamosi iliyopita. Yule aliyepooza amechinjwa na imamu wa msikiti wa jirani, nyuma ya migomba, mbali na wenzake. Binti alitaka awepo. Akaruhusiwa kusimama kwa mbali, kisha akamzika mwenyewe. Maganda ya kakao yameondolewa. Mwenye shingo iliyopinda yuko siku ya 11 ya dawa. Jike amepata mwenzake, mzee mwenye sikio moja aliyeletwa kutoka kwa mfugaji mwingine aliyekuwa anataka kumtupa, na kwa sasa wanatazamana kupitia mianzi. Siku ya tatu alianza kutafuna majani ya viazi vitamu.

"Ndaga fijo, ustadh," alisema, kisha akacheka. "Ila sasa wameanza kuniletea. Jana kaja mtu na kuku kipofu."

Temeke wamebaki watano kwenye mchango huo, shilingi 2,000 kila mmoja. Wawili wamerudi kwenye mayatima, akiwemo yule aliyelalamika, na mmoja wa wale watano anatoa kote kuwili.